Uliuruka Ukurasa wa Giza

Wairimu, mwenye jina langu,

Kangemi si Finland. Tuanze hapo. Kutoka huko kwa rafiki yako unakolala hadi hapa Uthiru, hata mimi na goti langu hili natembea na kufika kabla jasho halijanitoka. Wewe una miguu ya twiga, na hujakanyaga hapa tangu siku ile tulipokosana juu ya kitabu. Na sokoni kwangu hupiti. Usidhani sijui. Yule mama anayeuza nyanya karibu na mimi alikuona ukizunguka nyuma ya vibanda, kichwa chini, ili usipite mbele ya viazi vyangu. Akaniambia, "Shosho, leo nimeona mwizi anayefanana na mjukuu wako." Tulicheka pale sokoni. Nilipofika nyumbani sikuwa nacheka.

Kesho usiku unapanda ndege. Hata hiyo nimeambiwa na watu. Sasa sikia: hutapanda ndege yoyote bila kupita hapa nikubariki. Nimekulea tangu mama yako alipofariki na baba yako akahamia Nakuru kwa mke mwingine. Sijasikia mtu wa ukoo wetu aliyekwenda mbali hivyo bila mate ya mzee kifuani. Wewe hutakuwa wa kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na kama una haraka unaweza kuacha kusoma hapa na kuvaa viatu.

Unajua mimi siandiki. Anayeandika ni Mama Mwende, yule karani aliyepanga chumba cha mwisho hapa kwangu. Ningesema kwa Kikuyu, lakini yeye ni Mkamba na kalamu ni yake, kwa hivyo ni Kiswahili. Mimi nasema, yeye ananyoosha. Alitaka nianze kwa salamu na kukuuliza hali. Nimemwambia hali yako naijua, umevimba.

Sitakuambia mambo ya kuoga, kuomba na kuepuka wanaume. Kama hayo hayajaingia mpaka leo, barua haitayaingiza. Nataka tuzungumze juu ya siku ile mjini.

Ulipokuja na habari kwamba kuna chuo huko Finland kinachofundisha uuguzi bila karo, moyo wangu ulifunga mlango na kuweka komeo. Bila karo? Nani husomesha mtoto wa wenzake bure? Hapa kwetu hata choo cha mjini unalipa kabla ya kuingia. Ukaniambia, "Shosho, ni serikali yao tu, wana roho nzuri." Nikakuuliza ni serikali gani ina roho. Mama Mwende anafanya kazi ya serikali na amecheka hapa mpaka ameacha kuandika.

Ndipo ukasema tutafute kitabu cha wasafiri, kile kinachomweleza mgeni nchi ilivyo, atalala wapi, atakula nini, atavaa nini. Nilikubali haraka, ukadhani nimelegea. Sikuwa nimelegea. Nilijua kwamba kama kuna mtego, aliyeandika kitabu lazima aliuona, na mimi nilikuwa nakwenda kuutafuta.

Kumbuka duka la kwanza, lile la vioo, mlinzi akiangalia kikapu changu kana kwamba nimeingia na ng'ombe. Msichana wa duka akatuletea kitabu kipya kinachonuka rangi. Nikakifungua. Ziwa. Nyumba nyekundu. Ziwa lingine. Mtoto wa nywele nyeupe anacheka. Mnyama kama swara aliyebeba matawi kichwani, na yeye pia ni kama anacheka. Nikakuambia, "Funga hiyo kitu. Ni nchi gani haina hata mtu mmoja aliyekasirika?"

"Shosho, ni kitabu cha watalii, si cha polisi."

Jibu hilo nililipenda, lakini sikukuonyesha. Nimeuza viazi maisha yangu yote na najua ninavyopanga gunia, vile vizuri vinakaa juu vikimwangalia mteja. Kitabu kile kilikuwa juu ya gunia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikakutoa pale kwa mkono, ukiwa umenuna, tukateremka upande wa River Road, hadi kwa wale wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza nailoni chini. Inama, mnavyoita ninyi, kwa kuwa lazima uiname kuchagua. Mimi niliketi kabisa, juu ya debe la yule mwenye vitabu, kwa sababu goti langu haliinami kwa mtu.

Alikuwa mtu wa maneno mengi. "Mathe, Finland? Ninayo. Ninayo kila nchi isipokuwa mbinguni." Akachomoa kile kitabu kizee, jalada limepinda, alama ya kikombe cha chai mgongoni. Ukaanza kunisomea, Kiingereza unakigeuza polepole ili nisikie. Ulisoma kwamba mkate wao ni mweusi na mchachu. Kwamba ndani ya basi hawaongei, na ukikaa karibu na mtu wakati viti vingine viko wazi, anashangaa una shida gani. Kwamba wakati wa joto kuna mbu hadi watu wanavaa neti usoni.

"Mbu!" nikasema. "Kwenye barafu!"

Yule mwenye vitabu alicheka akashika magoti. Mimi nikakiamini kitabu hapo hapo. Kitabu kinachokubali mbu ni kitabu kinachoweza kukubali mambo mengine.

Sasa jambo nililofanya baada ya hapo hukulielewa, na sikukueleza kwa sababu hasira yangu hufika kabla ya maelezo. Nieleze leo.

Babu yako alipokufa, alikuja mtu hapa na karatasi ya kuwekwa alama ya kidole. Akasema ni ya kuletewa maji ya mfereji. Jirani mmoja akanisomea, akasema ndiyo, ni maji. Kidole changu kilikuwa tayari kimeshaguswa na wino. Sijui ni nini kilinisimamisha. Nikasema nimesahau sufuria motoni, nikaibeba karatasi chini ya kanga hadi kwa mke wa mchungaji, nikamwambia, "Nisomee hii, sijui ni ya nani." Akasoma. Ilikuwa inasema nimeuza kipande chote cha chini, hapa penye vyumba vya kupangisha, hapa Mama Mwende alipoketi sasa akiandika. Hata neno maji halikuwamo.

Tangu siku hiyo karatasi yangu husomwa na watu wawili wasiojuana. Kadi ya hospitali, barua ya kanisa, hata tangazo la mazishi, watu wawili. Wanawake wengi wa rika langu hapa hufanya hivyo. Hatulitangazi, kwa sababu yule wa kwanza akijua kuna wa pili, anaumia. Lakini ndivyo tulivyobaki na mashamba.

Kwa hivyo ulipomaliza kusoma, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikichukua kitabu kwako nikampa yule mwenye vitabu. "Bwana, nisomee hapa hapa aliposoma huyu." Sikukuangalia uso. Hapo ndipo nilipokosea, si kwa kutaka kusikia mara ya pili, bali kwa kufanya na wewe vile ninavyofanya na watu wanaotaka shamba langu.

Yeye akasoma. Mkate mchachu, sawa. Basi la kimya, sawa. Mbu, sawa. Kisha akafika mahali ambapo wewe hukufika, na akasoma kwa sauti ya mhubiri wa barabarani. Kwamba wakati wa baridi, huko kaskazini jua halichomozi kabisa, wiki baada ya wiki. Kwamba hata kusini mwanga ni kidogo, unachungulia na kwenda. Kwamba wageni wengi huingiwa na uzito moyoni, wengine wanajifungia chumbani na hawataki kuongea na mtu.

Jamaa mmoja aliyekuwa ameinama akichagua kitabu cha hesabu aliinua kichwa. "Haiya! Huko ni wapi, kuzimu?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikapaza sauti. "Kumbe! Kumbe unanisomea kwa kuchagua! Jamani mnaona? Nimelea mtu wa kunifunika macho!" Watu wakasimama. Yule mwenye vitabu akasema, "Mathe, pole, mimi nasoma tu vile imeandikwa." Na wewe, machozi yakiwa hapo hapo, ukasema, "Wewe hujui kusoma! Utachaguaje kitabu?" Ukaondoka katikati ya watu.

Wairimu, kama ni maneno hayo yanayokuzuia kuja, yatoe kichwani kama vumbi. Sikujua kusoma kabla hujazaliwa, hiyo si habari mpya kwangu. Ulisema ukweli mbele ya watu, na mimi pia nilisema upumbavu mbele ya watu hao hao. Tumemalizana. Mimi goti langu nalitukana mbele ya watu kila siku na bado tunaishi pamoja.

Nilibaki pale nikakinunua kile kitabu. Nilipodai nyongeza, akanipa ramani. Jioni nikampa Mama Mwende aitazame, akasema ni ya Denmark. Siku iliyofuata nilirudi mjini kwa ajili hiyo tu. Yule bwana akaniambia, "Mathe, hao watu wa baridi si ni majirani?" Nikamjibu, "Kiazi na jiwe pia ni majirani shambani. Njoo sokoni kwangu nikupimie." Akanibadilishia.

Na tangu hapo, kila jioni Mama Mwende akitoka kazini, ananisomea. Nchi hiyo sasa naijua kuliko wewe. Wanavua viatu mlangoni, hilo ni zuri, wamefunzwa na mama zao. Wanaketi uchi ndani ya chumba cha mbao chenye joto la tanuri, familia nzima, kisha wanajitupa ziwani. Mama Mwende alipofika hapo alifunga kitabu akaomba maji ya kunywa. Mimi nikamwambia aendelee, nisikie kama kuna anayelazimishwa. Kitabu kinasema mgeni anaweza kukataa. Kumbuka hilo, unaweza kukataa.

Lakini hata hiki kizee kilinidanganya. Kinataja pesa za huko kwa jina lake, bei ya chakula na ya kitanda. Mama Mwende akauliza kazini kwake, akaambiwa pesa hizo zilishaachwa, siku hizi wanatumia pesa moja na nchi nyingine za huko. Kitabu hakikukusudia ubaya, kimezeeka tu, kinaeleza mambo ya ujana wake kama mimi. Nilikaa nikafikiri. Kile kipya kinajua bei lakini hakijui kuhuzunika. Hiki kinajua kuhuzunika lakini hakijui bei.

Na najua ulirudi duka la vioo ukanunua kile cha maziwa na vicheko. Usiulize nimejuaje. Kangemi ina midomo. Basi kibebe, na kesho nitakupa hiki pia. Vyote viwili viende kwenye begi, kila kimoja upande wake. Ni wasomaji wawili wasiojuana. Vikisema kitu kimoja, amini kidogo. Vikipingana, tafuta mwanamke anayeuza kitu, sokoni lazima wapo, umuulize yeye. Hata kama hawaongei ndani ya basi, sijawahi kuona muuzaji asiyeongea.

Na ile bure yao, nimeitafuta katika kitabu kizima. Nimemwambia Mama Mwende asome hata yale maandishi madogo ya chini. Mtego sijauona. Hiyo haimaanishi haupo. Usitie sahihi kitu siku ile ile unapopewa. Sema una shosho ameketi Uthiru na lazima asikie kwanza. Wakicheka, wacheke. Anayekuharakisha na kalamu mkononi, mwache na kalamu yake.

Sasa nirudi kwa ule ukurasa, maana ndio unaoninyima usingizi, si mambo ya uchi wala ya pesa.

Nilikaa nikijiuliza kwa nini uliuruka. Nikafikiri mabaya kwanza, mimi huanza na mabaya. Labda anataka kunitoroka kabisa. Labda amepatana na mtu. Kisha siku moja, nikiwa napanga viazi, nikakumbuka ile sweta ya shule.

Ulikuwa darasa la tatu. Sweta ilikuwa mpya, ukairarua kwenye seng'enge ukicheza. Hukuniambia. Uliificha ndani ya gunia la makaa, na ukawa unaenda shule na shati peke yake, Julai, na unajua baridi ya Julai hapa Uthiru, ile inayoshuka na umande kutoka Kinoo. Nikikuuliza, unasema uko na joto. Meno yanagongana na unasema uko na joto! Nilikuja kuiona sweta siku makaa yalipoisha. Na nilifanya nini? Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kelele yenyewe ilikuwa, "Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa nakupigia kelele ya kwa nini unaogopa kelele.

Hivyo ndivyo nilivyo. Mtu akiniletea jambo baya, mimi nalirukia kama paka, na yule aliyelileta anakwaruzwa. Baba yako alipofutwa kazi, soko zima lilijua kabla yangu. Watu wananipenda, na kwa sababu wananipenda wananisomea mazuri. Nimetumia maisha yangu kuwashuku wageni wasinifiche neno, na wale wa ndani ya nyumba nikawafundisha kuficha mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nimeliona mwenyewe nikiwa na kiazi mkononi.

Wewe hukunifunika macho pale River Road. Ulikuwa umesimama na shati peke yake ukiniambia uko na joto.

Hilo ndilo ninaloogopa. Siogopi giza lao. Watu wanazaa na kuzeeka ndani yake, na wewe una damu nzito. Naogopa kwamba litakuja, moyo utakuwa mzito kama kitabu kilivyosema, na utapiga simu kwa Mama Mwende useme, mwambie shosho kila kitu ni kizuri, kuna ziwa, kuna nyumba nyekundu. Na mimi nitaketi hapa nikiwaonyesha watu picha, wewe unatetemeka. Nimeona wazazi wa namna hiyo. Picha ukutani ni nyingi, na mtoto hawamjui tena. Usinitumie vile vya juu ya gunia. Nina viazi vyangu.

Ukichoka, sema umechoka. Ukitaka kurudi, hata kabla ya kumaliza, sema, na hapa hakuna atakayekuuliza maswali isipokuwa mimi, na mimi nitajaribu kuyapunguza. Hiyo siyo ahadi ndogo. Mama Mwende ananiangalia kama mtu anayesikia ng'ombe akisema atajifunza kuimba.

Jambo lingine. Barua hii ikiisha, ilikuwa iende kwanza kwa mke wa mchungaji aniangalizie kama Mama Mwende ameandika nilichosema. Nimebadilisha. Itafungwa hivi hivi na ataipitisha Kangemi kesho asubuhi akienda kazini. Nimemwambia, "Wewe nakuamini." Amefurahi. Nimemtazama usoni akiandika sentensi hiyo, na nitaendelea kumtazama mpaka afunge bahasha, lakini kwa mtu wa pili haiendi. Kama kuna uongo ndani yake, utanisomea wewe mwenyewe kesho.

Basi njoo. Usije jioni na teksi ikiwa inanguruma nje na watu wakiangalia saa. Njoo mchana, peke yako. Nasikia umenunua koti la mtumba linalofika kwenye vifundo vya miguu, umelivaa Kangemi kwenye jua hili ukijizoeza. Liache kwenye begi. Nitatema mate ya baraka kifuani kwako, na mimi sibariki koti la mtu nisiyemjua.

Na kabla ya kukubariki, utaketi kwenye kile kigoda karibu na jiko, uniambie jambo moja unaloliogopa huko. Moja tu, lile baya kabisa, ulilolificha hata kwa rafiki yako. Usinitafutie maneno laini. Mimi nitakuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, na sitasema kitu mpaka umalize.